Sindano Ndani ya Mfuko Mweusi: Zahanati Ndogo Ifanye Nini na Taka Zake?

Swali

"Mimi ni muuguzi msimamizi wa zahanati ya binafsi huku Kisauni, Mombasa. Tuna vitanda sita, maabara ndogo na chumba cha kujifungulia. Wiki tatu zilizopita mama anayetufanyia usafi alidungwa na sindano iliyokuwa ndani ya mfuko mweusi alipokuwa akiubeba kuupeleka nyuma. Alikamua mguu, akamwagia jiki, akanyamaza. Sisi tulikuja kujua baada ya siku nne, na tangu hapo silali vizuri. Taka zetu zote twazichoma ndani ya pipa nyuma ya jengo, na majirani wanalalamikia moshi. Mwenye zahanati anasema tuchimbe shimo tuzike kila kitu baada ya kumwagia jiki ya kutosha, lakini kisima tunachotumia kiko hatua chache tu kutoka hapo. Mimi nilifikiria tununue tanuri letu wenyewe la kuchomea taka. Tena akina mama wengine huomba kondo la nyuma wakalizike nyumbani, nasi hatujui tuwajibu nini. Tufanye lipi, na tuanzie wapi?"

Jibu

Dada yangu, umeuliza mambo kadhaa kwa pamoja, nami nitayajibu kwa kufuata uharaka wake wala si kwa mpangilio ulioyaandika, kwa sababu mojawapo halingoji hata kesho asubuhi. Kabla ya moshi, kabla ya shimo na kabla ya tanuri, yupo mama aliyedungwa. Wewe ukikosa usingizi, huenda naye anaukosa vilevile, ila yeye hana wa kumwandikia.

Mpeleke wewe mwenyewe, usimtume peke yake, katika Hospitali Kuu ya Rufaa ya Pwani au katika kituo chochote cha afya kilicho karibu chenye huduma za VVU. Sitakuficha: dawa za kuzuia VVU baada ya tukio, zile ambazo wahudumu huziita PEP, hufaa zikianzwa ndani ya saa chache na hazitolewi tena saa 72 zikishapita, kisha humezwa kwa siku 28. Fursa hiyo imempita. Hata hivyo mengi yamebaki ya kufanya. Apimwe leo VVU na homa ya ini ya aina B na ya aina C, kisha kipimo cha VVU kirudiwe wiki sita na miezi mitatu tangu siku ya tukio, au kwa ratiba atakayopangiwa na daktari. Akionekana hana homa ya ini ya B wala hana kinga yake, aanze chanjo papo hapo. Mpaka majibu ya mwisho yatoke, atumie kondomu na asichangie damu, na kama ananyonyesha amweleze daktari. Gharama zote hizo, pamoja na nauli na siku anazokosa kazini, ni za zahanati. Liandikeni tukio kwenye daftari la ajali hata kama limechelewa, kwa sababu Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007 inamhusu mfagiaji kama inavyomhusu daktari.

Kuhusu alichokifanya palepale, naomba usimlaumu, maana ndivyo wengi walivyofundishana. Lakini kukamua hakutoi virusi. Huumiza nyama zilizo pembeni ya tundu na kuzifanya zivimbe, na jiki huunguza nyama hizohizo zilizokuwa zizuie maambukizi. Jeraha la sindano huoshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni, basi. Baada ya hapo mtu huenda kuripoti saa ileile. Kunyamaza kwa siku nne ndiko kulikomnyima dawa, na ninaposikia mtu alinyamaza siku nne huwa siulizi kwa nini alificha, bali huuliza alikuwa anamwogopa nani. Kama mfanyakazi wa usafi anaamini kwamba akisema amedungwa ataambiwa ni mzembe au atasimamishwa kazi, hakuna bango la ukutani litakalomfanya aseme.

Watu wengi wakidungwa huwaza VVU peke yake. Ni haki yao kuwaza hivyo, lakini hesabu haiendi hivyo. Katika watu 100 wasio na kinga wanaodungwa na sindano yenye damu ya mgonjwa wa homa ya ini ya B, hadi 30 huweza kuambukizwa. Kwa homa ya ini ya C ni kama 2 katika 100, na kwa VVU ni kama 3 katika 1,000. Virusi vya homa ya ini ya B, tena, huweza kubaki hai kwenye damu iliyokauka kwa muda wa siku 7 au zaidi, kwa hiyo sindano ya juzi si sindano iliyokufa. Na kati ya hayo matatu, huo ndio ugonjwa pekee wenye chanjo: dozi tatu, ya pili baada ya mwezi mmoja na ya tatu baada ya miezi sita. Nenda kaangalie kwenye orodha yako ni nani wamechanjwa. Nimeona mara nyingi wauguzi na wataalamu wa maabara wakichanjwa wote, na anayebeba mifuko ya taka kila siku akisahaulika kwa sababu ameajiriwa kama kibarua. Huyo alipaswa kuwa wa kwanza.

Sasa tuulize sindano ile ilifikaje ndani ya mfuko mweusi, kwa maana ukilijua hilo utakuwa umejua nusu ya kazi yako yote.

Kesho asubuhi simama kwenye mlango wa chumba cha sindano, usiseme neno, utazame mkono wa muuguzi kuanzia pale anapoichomoa sindano kwenye msuli wa mgonjwa. Mkono wa kushoto unakandamiza pamba. Mkono wa kulia umeshika bomba, na ncha iko wazi. Kisanduku cha vyenye ncha kali kiko wapi wakati huo? Katika vituo vingi nilivyokagua, kiko juu ya kabati upande wa pili, au chini nyuma ya mlango. Mtoto analia, foleni ni ndefu, basi muuguzi anarudisha kifuniko kwenye sindano, au anaiweka kwenye trei pamoja na pamba, karatasi ya bomba na kichupa kitupu, akikusudia kuitenga baadaye. Baadaye haifiki. Zamu inapoisha, trei inapinduliwa kwenye ndoo iliyo karibu, na ndoo iliyo karibu ni ya mfuko mweusi. Hakuna aliyekusudia ubaya. Umbali wa hatua nne ndio uliomdunga yule mama.

Ndiyo maana nasema taka za hospitali hutengwa pale zinapozaliwa, na yule aliyezishika mwisho ndiye anayezitenga, hapo hapo, kabla ya kuziachia. Hazitengwi nyuma ya jengo. Kisanduku cha vyenye ncha kali kiwe mahali ambapo mkono wa muuguzi unakifikia bila ya yeye kuinua mguu, na kama mnadunga wagonjwa wodini kwa kitoroli, basi kisanduku kipande kitoroli. Sindano isirudishiwe kifuniko, isipindwe, isitenganishwe na bomba lake. Idondoshwe nzima. Kisanduku kikifika robo tatu kinafungwa na hakifunguliwi tena, wala hakuna ruhusa ya kukitikisa ili kipate nafasi. Zaidi ya hapo, visanduku vingi tunavyopewa ni vya karatasi ngumu, na hewa yetu ya Mombasa ina unyevu wa bahari mwaka mzima. Kisanduku kilichowekwa sakafuni, kwenye chumba kinachopigwa deki asubuhi na jioni, hulainika kitako. Nimewahi kuinua kimoja kikaacha kitako chake chini pamoja na sindano zake zote, nikiwa nimevaa makubazi. Tangu siku hiyo sipiti kisanduku kilichowekwa sakafuni bila kukiinua. Kitundikeni ukutani au kiwekeni juu ya kistuli.

Kwa vitu vingine, utaratibu wetu wa Kenya unajulikana: mfuko mweusi kwa taka za kawaida, wa njano kwa taka ambukizi kama vile pamba, bandeji na glovu zenye damu, na mwekundu kwa zile hatari zaidi kama vile vipande vya mwili na sampuli za maabara zilizooteshwa vijidudu. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba karibu asilimia 85 ya taka zote zinazotoka hospitalini ni za kawaida kabisa: karatasi, maganda ya machungwa, chupa za maji, mabaki ya chakula. Asilimia 15 iliyobaki ndiyo yenye hatari ya maambukizi, kemikali au mionzi. Hesabu hii ina maana kubwa kwa mfuko wa mwenye zahanati kuliko anavyodhani. Zikichanganywa, zote zinakuwa hatari, naye atalipa kilo 100 mahali alipopaswa kulipa kilo 15. Zikitengwa vizuri, kazi iliyobaki ni ndogo ya kuwezekana. Na mfuko mweusi wenye sindano hauishii kwenye mguu wa mama yako wa usafi pekee. Ukipakiwa kwenye lori unakwenda kwenye jaa la taka la Mwakirunge, na huko wapo watu wanaookota chupa na plastiki kwa mikono mitupu.

Mfundisheni mama wa usafi pia namna ya kuubeba mfuko. Mfuko wa taka hushikwa shingoni, ukaning'inia mbali na mguu. Haukumbatiwi, haubebwi begani, wala haukandamizwi kwa mkono ili uingie mwingine. Glovu nyembamba za uchunguzi hazizuii sindano. Anahitaji glovu nene za kazi, aproni na gamubuti.

Nije sasa kwenye pipa lenu. Majirani wanalalamika, na wana haki. Nataka uelewe ni kwa nini hasa, kwa sababu mwenye zahanati atakuuliza.

Watu huamini kwamba moto husafisha kila kitu. Moto mkali kweli husafisha, lakini moto wa pipa ni wa joto dogo tena lisilolingana: juu kunawaka, katikati kunafuka, chini kuna pamba iliyolowa damu ambayo haijaguswa. Sindano zimetengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu, ambacho huyeyuka kwenye nyuzijoto kama 1,400, na pipa halifiki karibu na hapo. Nilipokuwa afisa mchanga wa afya ya umma nilitumwa kukagua kituo kimoja kilichokuwa kikichoma taka zake hivi hivi, na msimamizi akaniambia kwa kujiamini kwamba baada ya moto hubaki majivu tu. Niliomba chekeche la jikoni. Nikachekecha majivu ya kona moja ya tanuri lao la matofali juu ya gazeti, taratibu, na majivu yakashuka yakabaki yale yasiyoweza kupita: sindano, nyingine zimepinda, nyingine zimenyooka kama zilivyotoka kiwandani, nyeusi kwa masizi. Majivu hayo yalikuwa yakimwagwa kwenye mtaro ambao watoto walikuwa wakiuruka kwenda madrasa. Mimi na yule msimamizi tuliinama juu ya lile gazeti kwa muda, tukawa hatuna la kusemezana.

Moshi nao una lake. Mirija ya dripu, mifuko ya damu na baadhi ya katheta hutengenezwa kwa plastiki ya PVC, ambayo zaidi ya nusu ya uzito wake ni klorini. Plastiki hiyo ikiungua kwa joto dogo, klorini hukutana na kaboni ambayo haijaungua sawasawa, na moshi unapopoa polepole, hasa kati ya nyuzijoto 200 na 450, huzaliwa sumu zinazoitwa dioksini. Sumu hizi hazikai hewani tu. Hutua kwenye majani, kwenye udongo na kwenye maji, huingia kwa mbuzi, kuku na samaki, zikajificha katika mafuta ya mwili, na katika mwili wa binadamu huchukua kati ya miaka 7 na 11 kupungua kwa nusu tu. Sehemu kubwa ya dioksini inayotuingia huja kwa chakula kuliko kwa pumzi. Ndiyo maana Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ambao Kenya imeuridhia, unazitaja tanuri za taka za hospitali miongoni mwa vyanzo vikuu vya sumu hizo. Kwa hiyo mkingoja upepo ugeuke uelekee baharini ndipo mchome, mtakuwa mmewaondolea majirani kikohozi cha siku hiyo, na dioksini itakuwa imetua kwingine.

Hapo jiki inazidisha tatizo. Mwenye zahanati ana nia njema, lakini anaitegemea kwa kazi isiyoiweza. Klorini iliyomo ndani ya jiki huua vijidudu inavyovigusa, na damu iliyoganda huimaliza nguvu kabla haijafika ndani. Tundu la sindano ni jembamba mno, dawa haipiti humo kwa kumwagiwa juu. Kisha taka zilizoloweshwa klorini zikitiwa motoni, mmeongeza malighafi ileile inayotengeneza dioksini. Jiki ina mahali pake: mchanganyiko wa asilimia 0.5 hufaa sana kwa damu iliyomwagika sakafuni, baada ya damu yenyewe kufyonzwa kwa kitambaa. Iacheni huko.

Ama kuhusu shimo, hapa siwezi kukupa nusu ya ndiyo. Mahali penye udongo wa mfinyanzi, maji yakiwa chini sana na hakuna jengo karibu, shimo lililojengewa kwa saruji na kufunikwa huwa ni njia inayokubalika kwa vituo vya mashambani visivyo na njia nyingine. Kisauni si mahali hapo. Sehemu kubwa ya ardhi tunayoikanyaga hapa ni mwamba wa matumbawe, una vitundu na nyufa kama sifongo, na kinachomwagwa juu hushuka haraka bila kuchujwa. Miongozo hutaka shimo la taka liwe angalau mita 50 kutoka kwenye kisima na kitako chake kiwe angalau mita moja na nusu juu ya usawa wa maji ya ardhini. Wewe umesema hatua chache. Msizike chochote hapo, hata kidogo, hata kwa muda. Na kwa kuwa pipa limekuwa likiwaka karibu na kisima hicho kwa muda, mwombeni afisa wa afya ya umma apange maji yapimwe, na mpaka majibu yarudi msiyatumie kwa kunywa wala kwa kuoshea vidonda.

Tanuri ulilolifikiria nalo lina ukweli wake. Tanuri linalofaa lina vyumba viwili: cha kwanza huchoma taka, na cha pili huuchoma ule moshi wenyewe kwa nyuzijoto zisizopungua 850, na hata 1,100 kama taka zina klorini nyingi. Linakula mafuta kila siku liwashwapo, linataka mtu aliyefunzwa, dohani ndefu, tathmini ya mazingira na leseni ya NEMA (mamlaka ya taifa ya mazingira), na chumvi ya hewa yetu hula mabati yake haraka. Kwa vitanda sita ni mzigo usiobebeka. Tena tanuri zuri linaloendeshwa vibaya, likawashwa kwa taka mbichi bila kupashwa moto kwanza ili kuokoa dizeli, linageuka kuwa pipa la bei ghali.

Mvuke ni njia ninayoipenda zaidi, nami nitakueleza kwa mfano wa jikoni. Mpishi wa mofa huingiza mkono ndani ya tanuri lenye moto mkali kuliko maji yanayochemka, akabandika mkate ukutani, akautoa mkono mzima. Mpishi huyohuyo akifunua sufuria ya wali bila uangalifu, mvuke unamwunguza mara moja, ingawa joto lake ni dogo kuliko la tanuri. Mvuke ukigusa kitu baridi hugeuka maji, na wakati huo huachilia joto lote lililokuwa limefungwa ndani yake. Ndiyo sababu otoklevu, yaani chombo cha kuulia vijidudu kwa mvuke wenye shinikizo, huua vijidudu kwa nyuzijoto 121 ndani ya dakika 30 au zaidi kidogo kulingana na mzigo, wakati joto kavu lingehitaji nyuzijoto 160 kwa saa mbili. Haitoi moshi na haizai dioksini. Lakini ina masharti. Mvuke lazima uguse kila kitu, kwa hiyo mfuko uliofungwa kabisa au chombo kilichoshindiliwa hubaki na hewa katikati na vijidudu vyake vikiwa hai. Otoklevu ya taka isiwe ileile ya kuchemshia vyombo vya kuzalishia. Haifai kwa dawa, kemikali, wala vipande vikubwa vya mwili. Na taka zikitoka zinafanana na zilivyoingia, sindano bado ni kali, kwa hiyo bado mnahitaji mahali pa kuzisaga au kuzifunika daima.

Kwa zahanati ya ukubwa wenu, basi, ushauri wangu ni kufanya mkataba. Ama na hospitali kubwa iliyo karibu yenye mtambo uliopewa leseni, ama na msafirishaji wa taka za hospitali aliye na leseni ya NEMA. Zahanati tatu au nne za mtaa mmoja zikiungana, gari hupita mara moja na kila mmoja analipa kidogo. Najua mwenye zahanati atasema ni gharama, na kweli ni gharama. Muonyeshe uzito wa mfuko wa njano baada ya mwezi mmoja wa kutenga vizuri, ndipo ajadiliane bei. Msikubali bei rahisi ya bodaboda au ya tuktuk anayesema anajua pa kupeleka. Chini ya kanuni za usimamizi wa taka za Kenya, taka hatarishi husafirishwa na mwenye leseni pamoja na hati ya ufuatiliaji, na jukumu halimtoki aliyezalisha taka kwa sababu tu zimetoka langoni mwake. Omba leseni uione kwa macho, uangalie tarehe yake, na uhifadhi nakala ya kila hati inayorudi ikithibitisha kwamba taka zimefika na zimeteketezwa. Hati isiporudi, piga simu.

Wakati wa kungojea gari, taka ambukizi zikae kwenye chumba kinachofungwa kwa kufuli, chenye sakafu inayoosheka na wavu wa kuzuia panya na paka. Kwa nchi za joto Shirika la Afya Duniani linashauri zisizidi saa 24 katika msimu wa joto na saa 48 katika msimu wa baridi, na Mombasa ya Januari wote twaijua. Visanduku vya sindano haviozi, hivyo vinaweza kungojea gari kwa muda mrefu zaidi vikiwa vikavu na vimefungwa. Hapo ratiba ya gari inakuwa nafuu.

Kondo la nyuma ni jambo la heshima, nami nafurahi uliliuliza. Mama anayeomba kondo lake akalizike hakosei, na familia nyingi za Pwani zina desturi hiyo tangu enzi. Kinachotakiwa ni tahadhari dhidi ya damu. Litiwe kwenye mfuko imara usiovuja, kisha ndani ya chombo kingine chenye kifuniko. Aelezwe yeye na atakayelichukua kwamba washike kwa glovu, walizike siku hiyohiyo, kwa kina ambacho mbwa hawezi kufukua, mbali na kisima, na waoshe mikono kwa sabuni. Msilimwagie jiki, kwani inaua vijidudu vinavyoliozesha. Mwandikeni kwenye daftari kwamba amekabidhiwa. Wasiolihitaji, kondo liende pamoja na taka za mfuko mwekundu kwenye hospitali mliyofanya nayo mkataba, kwa utaratibu wa siku kwa siku.

Dawa zilizoisha muda na vipimajoto vya zebaki hukuviuliza, lakini najua viko kabatini. Dawa zisimwagwe chooni wala kuchomwa, zirudishwe kwa aliyewauzia au zipelekwe kwa mfamasia wa kaunti. Zebaki isitiwe motoni kamwe, kwa sababu hugeuka mvuke wa sumu. Kaeni nayo kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana mpaka mpate maelekezo.

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayawezi kuyamaliza. Afisa wa afya ya umma wa eneo lenu anapaswa kuja kuona pale, kupima umbali wa kisima na kukagua chumba cha kuhifadhia. Ofisi ya NEMA ya Mombasa itakuambia ni nani walio na leseni hai. Na mtu yeyote akidungwa tena, hata kama sindano inaonekana safi, asiandike kwa mtaalamu wa gazetini: aende hospitali ndani ya saa hiyo. Utakapoitisha kikao cha wafanyakazi, mketishe mama wa usafi pamoja na wauguzi na umpe nafasi ya kusema kwanza, maana yeye ndiye anayejua ni wodi ipi mifuko yake hutoboka.

Pipa lile lisiwashwe tena kuanzia leo. Majivu yaliyomo yamejaa sindano, kwa hiyo msiyamwage wala msiyachote kwa mkono. Mtu aliyevaa glovu nene na gamubuti ayanyunyizie maji kidogo ili yasiruke, ayahamishie kwa koleo kwenye ndoo ngumu yenye kifuniko, aifunge na aiandike kuwa ina vyenye ncha kali, iondoke na gari la kwanza. Kisha lipige pipa tundu kitakoni, ili asije mtu mwingine akalichukua akawekea maji.